Hodi ya Tatu

Kidole alianza kuwa kiziwi mwaka juzi, na wa kwanza kugundua alikuwa mkewe, ambaye kwa muda mrefu alidhani ni ule uziwi wa waume wote, wa kutosikia wanapotumwa dukani. Alimgombeza, akamnunia, akamwita bwana masikio pamba. Kisha siku moja birika lilipiga mluzi jikoni mpaka maji yakakauka, na Kidole ameketi hatua tatu kutoka pale, anakaza nyuzi za gitaa lake bila wasiwasi wowote. Mkewe akazima jiko, akaja akasimama nyuma ya kiti, akamwita mara nne. Hakugeuka. Hapo utani ukaisha.

Lakini uziwi peke yake si kisa. Wangapi hawasikii na maisha yao yanakwenda? Kazini kwake, kwenye kibanda cha kutengeneza cherehani, hakuharibikiwa na kitu: aliweka vidole juu ya mashine, mashine ikamweleza ugonjwa wake. Kisa ni kwamba huyu bwana alikuwa nusu ya kitu. Nusu ya pili ilikuwa shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe, mwalimu wa muziki ambaye hata ndugu zake walimwita Mwalimu. Yeye alipiga selo, lile fidla kubwa linaloshikwa kati ya magoti na kusimama chini kwa mguu mmoja wa chuma uliochongoka. Miaka kumi na minne walikuwa wakipiga pamoja, gitaa kavu lisilo la umeme na selo, hakuna ngoma wala mwimbaji, na walitaniana kama mashemeji wanavyotaniana, yaani bila huruma.

Namna yao ya kupiga ilikuwa hivi. Mwalimu alitunga. Aliandika mwanzo wa kipande kwa penseli, nota kwa nota, akaandika na mwisho wake. Katikati aliacha ukurasa mtupu, akauzungushia mstari, na humo akaandika neno moja: uwanja. Wakifika uwanjani hakuna aliyejua kitakachotokea. Kidole alirusha kitu, Mwalimu akakidaka, akakigeuza, akakirudisha kikiwa kingine. Yeye Kidole alisema maandishi ni kwenda kazini, uwanja ndio kuishi.

Na kutoka uwanjani kulikuwa na adabu zake. Mwalimu akiona wametosheka, alivuta uzi mnene kuliko yote, mrefu, bila kuubana kwa kidole, kama mtu aliyesimama mlangoni. Hiyo waliita hodi. Kidole aliitikia kwa kushusha kidole gumba juu ya nyuzi zote sita, na hiyo ndiyo karibu. Karibu ikishatoka, wote wawili waliingia kwenye mstari mmoja wa ukurasa bila kutazamana. Kutazamana, Mwalimu alisema, ni kazi ya bendi za harusini. Sisi tuna masikio. Mara nyingine Kidole alinogewa, akamwacha mgeni nje makusudi, mpaka ikapigwa hodi ya pili, na ya tatu. Ya nne haikuwepo. Hodi ya tatu isipojibiwa, mtu mwenye adabu huondoka, na katika miaka yote hiyo hawakuwahi kufika huko.

Daktari wa masikio alimchorea mstari kwenye karatasi. Ulianza juu kushoto, ukateremka kama ngazi za kwenda shimoni. Alisema mshipa unakufa, kwamba sauti nyembamba hutangulia kwenda na nene hufuata, na kwamba hapakuwa na la kuurudisha. Akampa vifaa vya kupachika sikioni. Kidole alivivaa siku mbili. Maneno ya watu yalisikika kwa mbali, lakini selo ilikuwa kama mlango wa bati unaoburutwa, akavitupa kwenye kopo la vishikizo. Sikio la kufa halisikii dawa, wahenga walisema, na haya yake yalikuwa ya kufa kwelikweli.

Mkewe alimwambia amweleze Mwalimu. Alimwambia kwa upole, akamwambia kwa ukali, akamwandikia kwenye karatasi na kuibandika kwenye kioo cha kunyolea: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kidole alijibu atasema wiki ijayo. Unajua tena hizo wiki zijazo. Ukweli ni kwamba aliogopa, aliogopa kama mtoto, kwa sababu alimjua shemeji yake. Angelia, angemkumbatia, kisha angeanza kumwandikia vipande visivyo na uwanja, vya kufuata kwa macho tu, kwa kumhurumia. Na siku hiyo Kidole angekuwa maiti inayopiga gitaa.

Sasa sikia alichofanya. Alikwenda kwa fundi seremala, mtu asiyemjua, na kwa vile hakumjua akamwambia kila kitu. Seremala alifikiri, akagonga mbao mbili tatu kwa kiganja, akamtengenezea ubao mrefu kama kitanda, wenye uwazi ndani kama tumbo la gitaa. Kidole aliuweka katika chumba walichofanyia mazoezi, juu ya sakafu ya vigae, viti viwili juu yake. Mguu wa chuma wa selo ulipochomekwa kwenye ubao ule na yeye akavua kiatu cha kushoto, aliisikia selo kupitia unyayo. Si yote. Nyuzi nyembamba zilikuwa mtekenyo tu. Lakini uzi mnene ulipanda gotini, ukapanda kiunoni, na hodi ilipopigwa aliijua kwa urefu wake, akaitikia karibu.

Mwalimu alipouliza ubao ni wa nini, alimwambia ni wa kulinda vigae. Mwenye nyumba kalalamika kwamba ule mwiba wa selo unampasulia sakafu. Na kiatu? Kiatu kinambana, ana sugu. Mwalimu akacheka, akasema shemeji kawa mzee mpaka vidole vya miguu vinaomba likizo. Basi ikapita hivyo, maana maneno ya watu alishajifunza kuyasoma midomoni. Mwaka mzima walipiga juu ya ule uongo, na wakapiga vizuri, tena wengine walisema vizuri kuliko zamani.

Ndipo likaja onyesho la Jumamosi. Ukumbi mkubwa, saa tisa alasiri, na kati ya wasikilizaji angekaa mwandaaji mmoja aliyewapeleka wanamuziki katika miji sita na kuwarekodi kila walipopiga. Alikuwa anatafuta kundi moja tu. Mwalimu aliyataka hayo tangu yuko chuoni. Kwa ajili ya siku hiyo alitunga kipande kipya, na uwanja wake ulikuwa mrefu kuliko wote waliowahi kuupiga.

Asubuhi Kidole alikuwa na cherehani ya mteja asiyengoja, hivyo walipatana kwamba Mwalimu atangulie na gari la kukodi, abebe vyombo, viti, stendi za nota na ubao. Yeye angefuata. Alifika saa nane, shati limenyooshwa, akakuta jukwaa limeshapangwa. Zulia jekundu nene limetandikwa juu ya sakafu ya mawe. Viti viwili juu ya zulia. Aliangalia nyuma ya pazia, akaangalia kwenye ushoroba, akatoka hata nje kwenye maegesho. Kisha akamuuliza Mwalimu, polepole, huku akimtazama midomo, ubao uko wapi.

Mwalimu alifurahi kuulizwa. Alikuwa amewaza yote: mlinzi wa ukumbi kasema sakafu yao ni ya mawe, haipasuki, na zulia linazuia selo isiteleze. Sasa ya nini kubeba mti mzito kama mlango, na shemeji mwenyewe mgongo wake wa kubembeleza? Ameuacha chumbani, ameuegemeza ukutani vizuri. Akampigapiga begani, akangoja ashukuriwe. Kidole akashukuru.

Unaona mambo? Uongo wake mwenyewe ulikuwa umemrudia umevaa nguo za wema. Angemwambia ukweli, ubao ungekuwa pale. Alipanda jukwaani akavua kiatu, akamwomba Mwalimu apime nyuzi. Upinde ulikwenda na kurudi, na unyayo wake haukupata kitu isipokuwa manyoya ya zulia. Akavua na soksi. Kitu gani! Alimwendea mlinzi akamwomba ubao, meza, mlango wowote uliong'oka, mpaka mlinzi akamtazama kwa jicho la kumpima akili. Meza zote zilikuwa za chuma. Kuufuata ubao na kurudi kulihitaji saa mbili, na zilibaki dakika arobaini. Alimwandikia mkewe kwenye simu kwamba ubao umeachwa na amekwisha. Jibu likaja hapohapo, neno moja: Mwambie.

Akaenda. Nampa haki yake, alikwenda kweli. Mwalimu alikuwa katika chumba cha nyuma anapaka upinde ulimbo, anaimba mdomoni, macho yanameta kama ya msichana. Kidole akasema, "Shemeji, kuna jambo." Mwalimu akaweka upinde chini, akamrekebishia kola, akamwambia jambo lolote linaweza kungoja, isipokuwa kama anataka kusema anaogopa, maana yeye mwenyewe anaogopa mpaka magoti, na akisikia kwamba na Kidole anaogopa atakimbia kwa mlango wa nyuma. Kidole aliyasoma yote hayo midomoni mwake. Akasema hapana, haogopi. Mlango ukafunguliwa, wakaitwa.

Vipande viwili vya kwanza vilipita. Sehemu zilizoandikwa alizijua kichwani kama njia ya nyumbani, na nyanja zake zilikuwa fupi. Macho yake hayakutoka kwenye mkono wa kulia wa Mwalimu. Alikuwa amegundua kitu: upinde ukienda kwenye uzi mnene, kiwiko hushuka. Kiwiko kikashuka, naye akashusha kidole gumba, karibu, wakaingia. Mara ya pili vilevile. Watu wakapiga makofi, aliyaona. Mwalimu alikuwa amefumba macho muda wote, kama kawaida yake, anamsikiliza. Kidole alijiona mwizi aliyekaa mezani pamoja na mwenye mali.

Kikaja kile kipya. Mwanzo walikwenda pamoja, ukurasa wa kwanza, wa pili, wakafika kwenye ule mstari wa penseli uliozunguka utupu. Kidole akarusha. Na Mwalimu, kwa furaha tu, kwa vile siku ilikuwa njema na mkono ulikuwa mwepesi, akaamua kucheza chini. Kila alichokirudisha alikirudisha kwenye uzi mnene. Kiwiko kilishuka, kikakaa hukohuko chini, na Kidole hakuwa tena na alama ya kushika.

Afanye nini? Aliendelea. Vidole vyake vilijua kazi yao hata mwenyewe alipokuwa anazama. Kichwani mwake ilikuwepo selo, safi kabisa, na aliiamini kwa kuwa hakuwa na nyingine. Aliuona upinde ukivuta mvuto mmoja mrefu, akadhani ni wazo, akalijibu. Ukasimama kidogo, ukavuta tena, mrefu vilevile. Akalijibu na hilo. Ukavuta mara ya tatu, polepole mno, mpaka ncha. Alilijibu kwa sauti nzuri kuliko zote, ya juu juu, ya kucheka, kisha akanyanyua macho kutoka kwenye upinde akamtazama Mwalimu usoni.

Mwalimu alikuwa amefumbua macho. Katika miaka kumi na minne hakuwahi kuyafumbua uwanjani. Alimtazama Kidole kama mtu aliyepiga hodi kwenye nyumba yenye taa na muziki ndani, na bado haoni anayekuja mlangoni. Kidole akajua kuna tatizo, asijue lipi. Mara upinde ukaanza kwenda tena, haraka, juu, chini, na moyo wake ukashuka mahali pake. Kumbe bado tunapiga. Akaufuata. Alimjibu kila mvuto, alimpandisha, alimteremsha, alimchokoza kama zamani. Wanaosikia walisema baadaye kwamba gitaa lile siku ile lilikuwa linaongea.

Mwanamke mmoja wa safu ya mbele aliinamisha kichwa upande, kama anayetega sikio. Jirani yake akamnong'oneza kitu. Kidole akatazama tena upinde, safari hii vizuri, na akaona mwanga. Taa ya jukwaani ilikuwa inapita kati ya upinde na nyuzi. Upana wa kidole kimoja, haukuzidi, lakini ulikuwepo huku na huku, kila upinde ulipokwenda. Haukuwa unagusa. Nyuzi nne zilikuwa zimetulia kama kamba za nguo siku isiyo na upepo. Mwalimu alikuwa anapiga hewa, na machozi yalikuwa yanamfika kidevuni.

Kidole akaondoa mikono kwenye gitaa.

Walikaa hivyo wote wawili, ukurasa wa mwisho haujapigwa, mpaka watu wakaamua wenyewe kwamba imekwisha. Wakasimama. Ukumbi mzima ulisimama.

Mwandaaji aliwafuata chumba cha nyuma mara walipokwisha kufunga vyombo, jibaba lenye skafu shingoni, linaongea kwa mikono yote miwili. Kidole alimwona akiiga upinde hewani, akishika moyo, akihesabu vidole sita. Hakuambulia neno. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, akamshika mkono, akamsindikiza mlangoni. Kisha akabaki ameupa mgongo mlango, anaongea na viatu vyake, mpaka akakumbuka kwamba hasikiwi. Akanyanyua uso, akasema tena, polepole, kama anavyosema na watoto wa darasa la kwanza, kwamba bwana yule amewachagua. Kwamba alichokipenda kuliko vyote ni pale selo iliponyamaza na gitaa likaendelea kuijibu. Anataka wakipige hivyohivyo katika miji yote sita.

Kidole alikaa kwenye kiti. Kilikuwa kiti kikuukuu cha mbao, cha miguu minne, pekee ndani ya chumba kile.

"Nilipiga hodi tatu," Mwalimu alisema. "Zote tatu, shemeji. Halafu nikakupigia hewa. Ulikuwa unamjibu nani?"

Angeweza bado kudanganya. Alitafuta, na uongo ulikuwepo, haukosekani. Lakini alikuwa amechoka, amechoka mpaka kwenye mifupa.

"Wewe wa mwaka juzi," alisema. "Huyo ndiye wa mwisho niliyemsikia."

Mwalimu hakulia zaidi ya alivyokwisha kulia. Aliuliza, akajibiwa, aliuliza tena. Yakatoka yote: birika, daktari na ngazi zake za shimoni, kopo la vishikizo, mkewe aliyefungwa mdomo kwa kiapo. Yakatoka na ya seremala. Alipofika kwenye ubao Mwalimu aliinua mkono asiendelee. Midomo yake ilisema neno vigae, mara mbili, bila sauti au kwa sauti, Kidole hakujua. Kisha akakaa chini sakafuni na gauni lake la onyesho.

"Niliuegemeza ukutani," alisema. "Kwa mikono yangu. Ungeniambia, shemeji, ningeubeba kichwani."

Kidole alitazama mikono yake. Alimwambia kwamba unyayo nao unaanza kufa, sugu si sugu, ni ubaridi unaoingia. Kwamba daktari hajui kama ni huo mshipa au mwingine. Kwamba labda wana mwaka, labda hawana, na kwamba bora atafute mtu mwingine wa kwenda naye miji sita, mtu mwenye masikio. Alisema kwa sauti kubwa mno, hakuwa anajisikia. Mlangoni mlinzi alichungulia, akaondoka.

Mwalimu aliinuka. Alifungua tena mkoba, akatoa selo, akakaza upinde. Hakukuwa na kiti cha pili, akapiga goti moja kama mtu anayefunga kamba za viatu, akauchomeka mguu wa chuma kwenye mguu wa kiti alichokalia Kidole, kwenye mbao, kwa nguvu, mpaka ukashika. Kidole alitaka kumwambia asijisumbue.

Ikapanda. Ilianzia chini ya mapaja ikapita uti wa mgongo, ikamfika kwenye meno, uzi mnene kuliko yote, mtupu, mrefu. Haikuwa ya kwanza wala ya tatu. Hii ilikuwa ile ambayo haipo, ambayo mtu mwenye adabu hapigi, na Mwalimu aliivuta kwa upinde wote, taratibu, akimtazama usoni, hajui kama kuna mtu ndani.

Gitaa lilikuwa limeshafungwa mfukoni mwake.

"Karibu," alisema Kidole.